Kitanda cha Odysseus chazua kasheshe Chilangala

Mpenzi msomaji, kama ulidhani habari za Wagiriki na Warumi wa kale ni za mapadri na maprofesa peke yao, basi pole, umepitwa. Kwetu Chilangala, wilayani Newala, msimu wa korosho uliopita hadithi hizo zilisomwa chini ya mkorosho, watu wakabishana mpaka mate yakawakauka, na mwisho wa yote nyumbani kwetu kukaibuka jambo ambalo hadi leo halijaisha. Tulia nikupe mwanzo mwisho.

Mimi ni kijana wa Form Four tu, sina digrii ya mtu. Nakaa Dar, nabangaiza kwa kuandika hapa na pale. Ila Oktoba ikifika lazima nipande basi nikamsaidie mama kuokota korosho. Safari hii kwenye begi nilikuwa na vitabu viwili nilivyovipata kwa wale jamaa wanaotandaza vya mtumba chini, katikati ya jiji. Cha kwanza ni Mfalme Edipode, mchezo wa Mgiriki Sophocles uliofasiriwa kwa Kiswahili na S. S. Mushi na kuchapishwa mwaka 1971. Cha pili ni Odisea ya Homer, hiyo ni ya Kiingereza, tena jalada limeshang'oka.

Nilivichukua vya kunisaidia usingizi tu, maana si unajua usiku wa Newala ulivyo. Baridi, upepo, na ukitoka nje ni giza na mbwa. Sikujua kama nimebeba petroli.

MAPIKO YA WAGIRIKI

Kijiwe chetu kiko chini ya mkorosho mkubwa karibu na duka. Pale jioni utawakuta madereva wa bodaboda, wapiga debe waliostaafu wakiwa bado vijana, akina dada wanaosuka, na wazee wawili watatu wanaojifanya hawasikii umbea kumbe wanasikia kila kitu. Siku ya kwanza nilikuwa nasoma Edipode kimyakimya. Mshikaji mmoja akaniambia, "Wee, kama ni tamu soma kwa sauti. Kama ni mbaya funga tucheze bao."

Nikasoma. Mji wa Thebes umepigwa na tauni. Watu wanakufa, mifugo inakufa, mashamba hayazai. Mfalme Oedipus anaapa atamtafuta aliyeleta balaa. Jibu linatoka kwa mungu kule Delphi: aliyemuua mfalme wa zamani, Laius, bado yumo mjini, atolewe. Basi Oedipus anaanza upelelezi kwa kelele nyingi, kumbe anajitafuta mwenyewe. Laius alikuwa baba yake mzazi, alimuua njia panda bila kumjua, na mke aliyenaye ndani ndiye mama yake.

Jamani, pale kijiweni hakuna aliyecheza bao. Alipoitwa Tiresias, yule mpiga ramli kipofu, akasema ukweli mapema kabisa, na mfalme akamgeuzia kibao kwamba amehongwa, kijana mmoja wa bodaboda akapiga kofi gotini: "Mganga kasema kweli, mteja ndiyo kakataa!" Na Oedipus alipomtuhumu Creon kwamba anataka kumpindua, wazee walikasirika kama wao ndio waliotukanwa. Creon ni kaka wa Jocasta, mke wa mfalme. Kwa Wamakonde ukoo unahesabiwa kwa mama, kwa hiyo huyo ni mjomba wa watoto wa mfalme. "Mtu anamtukana mjomba wa wanawe hadharani?" mzee mmoja alisema. "Huyo kaanza kuanguka kabla hata ya kujulikana."

Mimi nikawaeleza nilichokijua: kwamba michezo hii ilichezwa Athens, karne ya 5 Kabla ya Kristo, mbele ya maelfu ya watu, mchana kweupe. Waigizaji walikuwa wanaume watupu, hata wa kucheza nafasi za kike. Hawakuzidi watatu kwa mchezo mmoja, wakibadilishana nyuso kwa kuvaa vinyago. Pembeni kulikuwa na kundi la watu 15 la kuimba na kucheza, linauliza, linalia, linaonya.

Babu mmoja, fundi wa ngoma za jando enzi zake, akacheka mpaka akakohoa. "Sasa si mapiko hayo? Kinyago kichwani, wanaume ndani, waitikiaji pembeni, mwanamke yumo kwenye mchezo lakini aliyevaa ni mwanamume. Na aliyevaa haulizwi jina." Tangu jioni ile Sophocles akapewa uenyeji wa Chilangala. Nilipowaambia kwamba jamaa aliandika michezo zaidi ya 100 na iliyobaki mizima ni 7 tu, watu walisikitika kama wamesikia habari ya ghala lililoungua.

Lawama ilikuwa moja. Jocasta anajinyonga na Oedipus anajitoboa macho, lakini vyote vinatokea ndani, mjumbe ndiye anakuja kusimulia. "Bongo Movie wangetuonyesha!" akasema dada mmoja. Mwenzake akamjibu kwamba kusimuliwa ndiko kulikomnyima usingizi. Walibishana juu ya hilo siku mbili nzima.

SIZITAKI MBICHI HIZI

Kuanzia hapo kila mtu akawa analeta chake. Mwalimu mmoja mstaafu akaja na Juliasi Kaizari iliyochakaa. Hiyo aliifasiri Mwalimu Nyerere kutoka kwa Shakespeare. Toleo la kwanza lilitoka mwaka 1963, akiwa Rais, na mwaka 1969 akalitoa tena baada ya kulirekebisha. Shakespeare naye habari zile alizipata kwa Plutarch, Mgiriki aliyeandika maisha ya wakubwa wa Kigiriki na Kirumi. Hivyo ukiishika Juliasi Kaizari umeshika kitu kilichotoka kwa Mgiriki, kikapita kwa Mwingereza, kikafika kwa Mzanaki wa Butiama.

Yule yule kijana wa bodaboda akapewa hotuba ya Antony kwenye msiba wa Kaizari. Anaanza kwa unyonge kabisa, anawasifu waliomuua, anajifanya hajui kuongea. Akimaliza mji unawaka moto. Kijana aliisoma amesimama juu ya kigoda, na watu waliokuwa wanapita na ndoo za maji wakasimama. Mwalimu mstaafu akatuambia: "Mkisikia mtu kwenye kampeni anasema yeye hajui kuongea, mkumbukeni huyu."

Mwingine akauliza kama kuna Mgiriki tunayemjua bila kujua. Nikamwambia yupo, Aesop. Hadithi yake ya mbweha aliyezirukia zabibu akazikosa, akaondoka anasema hazijaiva, wewe umeisoma shule ya msingi. Ila kwetu mbweha akageuka sungura na zabibu zikageuka ndizi. Ndiyo hiyo sizitaki mbichi hizi. Kijiwe kizima kikaangua kicheko, maana wiki ile bei ya korosho haikuwa nzuri na kila mtu alikuwa anajidai hata hakuwa na haja ya kuuza.

Na yule mzee aliyekuwa mtumishi wa misa Ndanda alipokuwa mtoto, miaka ya 1950, wakati misa bado ni ya Kilatini, akatutolea maneno ya Warumi kwa sauti nyembamba ya kanisani. Maana ya baadhi alishaisahau. Lakini alisema anapoyatamka anamkumbuka marehemu mama yake akimfungia vifungo vya shati. Hakuna aliyecheka.

JAMAA ALIYEPOTEA MIAKA 20

Sasa tuje kwenye kasheshe yenyewe.

Edipode ilipoisha wakataka Odisea. Hiyo nilikuwa naisoma mchana kwa Kiingereza changu cha Form Four na kamusi pembeni, jioni nawasimulia kwa Kiswahili. Ina vitabu 24 ndani yake, kwa hiyo kila jioni nikawa natoa kimoja, nikichoka nusu.

Stori kwa kifupi: Odysseus, mfalme wa kisiwa kidogo cha Ithaca, anakwenda kwenye vita vya Troy. Vita miaka 10. Kurudi nyumbani miaka 10 mingine. Njiani anakutana na kila shari, likiwemo jitu la jicho moja linalokula watu, analitoboa jicho kwa gogo lililochongwa ncha. Walioisoma Alfu Lela Ulela wakapiga kelele, "Huyo si Sindbad!" Na kweli, safari ya tatu ya Sindbad ina jitu linalofanana sana na hilo.

Lakini mimi sikushikwa na jitu. Nilishikwa na mtoto. Odysseus aliacha nyumbani mke, Penelope, na mtoto mchanga, Telemachus. Mtoto amekua bila baba. Nyumba imejaa wanaume wanaomtaka mama yake, 108 kwa idadi, wanakula mbuzi na ng'ombe wao na kunywa bila kualikwa. Na mgeni anapomuuliza Telemachus kama kweli ni mtoto wa Odysseus, anajibu kwamba mama yake ndiye anayesema hivyo, yeye mwenyewe hajui.

Mpenzi msomaji, hapo nilifunga kitabu nikasingizia kiu.

Maana baba yangu aliondoka mwaka 2004, nikiwa na miaka 4. Alikwenda Dar kuuza nguo za mkononi, kama vijana wengi wa kusini walivyofanya. Mwanzoni alituma hela, halafu akatuma salamu, halafu kimya. Amerudi mwaka 2023, mwili umeisha, hana begi. Miaka 19. Mmoja tu pungufu ya Odysseus. Hakufikia kwetu, alifikia kwa shangazi yangu, dada yake, Newala mjini. Akamtuma mtu kwa mjomba, amwombee kwa mama arudi nyumbani. Mama hakujibu ndiyo wala hapana. Alisema tu kwamba korosho zinamngoja. Na mimi na mama jambo hilo tulikuwa hatujawahi kuliongea hata dakika moja. Utaanzaje?

MAMA AINGIA KIJIWENI

Mama si mtu wa vijiwe. Lakini jioni ya Penelope alikuja na ungo wa korosho za kubangua, akakaa pembeni mgongo kaupa mti. Nikamwamkia, akaniitikia, akasema, "Endelea, mwanangu. Nasikia kuna mwanamke humo."

Nikaendelea. Penelope anawaambia wale wanaume 108: ngojeni nimalize kufuma sanda ya baba mkwe wangu, ndipo nichague mume. Mchana anafuma, usiku anafumua. Anawachezea hivyo miaka mitatu mpaka mjakazi mmoja anamchoma. Mama akatabasamu huku anabangua. "Huyo ana akili," akasema.

Odysseus anafika kwa siri, kavaa matambara ya ombaomba. Mbwa wake Argos, aliyemwacha mdogo, sasa mzee kalala kwenye samadi, anamtambua, anatingisha mkia, anakufa. Akina dada wakafuta macho. Yaya mzee anamwosha miguu na kumtambua kwa kovu la pajani, alilopigwa na nguruwe mwitu ujanani. Wazee waliochanjwa nembo usoni wakatazamana. Enzi zao uso ulitosha kueleza umetoka wapi, hata ukirudi baada ya miaka mingapi.

Kisha anawaua wale wanaume wote, na wajakazi 12 waliolala nao wananyongwa. Hapo pakawa na ugomvi. Akina dada walisema wale wasichana walikuwa watumwa, wangekataaje? Nikawapa na hii: mwanamke wa kwanza kuchapisha Odisea nzima kwa Kiingereza ni Emily Wilson, tena mwaka 2017 tu, na yeye hakuwapaka wale wasichana matusi yaliyozoeleka kwa baadhi ya wafasiri waliomtangulia. "Ndiyo maana," akasema dada msusi. "Miaka yote walikuwa wanatusimulia wanaume."

Halafu kitanda. Penelope anaona mumewe mbele yake, lakini hamkumbatii. Anamjaribu. Anamwambia yaya, mtolee mgeni kile kitanda changu nje, alale. Odysseus anawaka: nani kakihamisha? Kitanda kile alikitengeneza mwenyewe, mguu wake mmoja ni shina la mzeituni lenye mizizi ardhini, chumba akakijenga kuuzunguka. Hakihami. Na siri hiyo ni yake na mkewe. Hapo ndipo magoti ya Penelope yanalegea, analia, anamkubali.

Kijiwe kikashangilia. Mama akanyanyua uso.

"Sisi kile cha kwetu kilihama," akasema.

Wengine hawakuelewa. Mimi nilielewa polepole. Baba alikuwa fundi seremala kidogo kabla ya kuondoka, alitengeneza kitanda cha mninga wakati wanaoana. Nakikumbuka. Siku moja mwaka 2014 nilirudi nikakuta mama kalala kwenye mkeka, nikaambiwa kitanda kimepata mchwa.

"Hakikuwa na mchwa," mama akasema mbele ya watu. "Nilikiuza. Kilitoka hapa kwenye baiskeli. Kikawa ada, tranka na godoro la huyu, akaenda bweni. Sasa nyie mnamshangilia huyo mama wa Ugiriki. Mimi akija mume wangu nitamjaribu kwa kitanda gani?"

Kimya, haki ya Mungu. Korosho tu zinasikika.

Mpenzi msomaji, Kiingereza nilichokuwa najidai nacho, cha kumsomea Homer kijijini, kilinunuliwa kwa kitanda kile.

BABA MGONGONI

Usiku ule, kwa mara ya kwanza, tuliongea. Alinieleza alivyosubiri, na alivyoacha kusubiri, na mwaka alioacha. Sitaandika yote hapa, mengine ni ya kwake. Lakini aliniuliza swali: katika vitabu vyako vyote, mtoto alifanya nini?

Nikamwambia mmoja alimuua baba yake bila kumjua. Mwingine alimtafuta. Na yupo wa tatu, wa Warumi, katika kitabu cha Virgil: Aeneas. Mji wa Troy unawaka, anamweka baba yake mzee mgongoni, anamshika mwanawe mkono, anatoka. Mkewe anawafuata nyuma, anapotelea humo humo mjini.

Habari hiyo niliirudia kijiweni kesho yake. Bibi mmoja mwenye asili ya Msumbiji, aliyevuka Ruvuma akiwa msichana katika ile vita dhidi ya Wareno iliyoanza mwaka 1964, akasema yeye na dada yake walimbeba mama yao kwa zamu. Kisha akauliza, "Na huyo mke wa nyuma, hakuna aliyegeuka kumtazama?" Nikasema Aeneas alirudi kumtafuta akiwa amechelewa, akakutana na kivuli chake tu. Bibi akatikisa kichwa. Mama alikuwepo, alisikia.

Jumapili iliyofuata mama alimtuma mjomba Newala mjini na ujumbe mfupi: kuna watu wanasoma vitabu chini ya mkorosho, kama anataka aje asikilize.

Baba alikuja. Alikaa ukingoni mwa mkeka, kofia mkononi, nikamwamkia shikamoo mbele ya watu, akaitika kwa sauti ya chini. Tulikuwa tumerudi kwenye Edipode, watu wameitaka tena. Nilipochoka macho nikampa kitabu, akasoma kurasa mbili taratibu, bila kukosea. Sikuwahi kujua kwamba baba yangu anasoma vizuri hivyo. Mama alimletea maji ya kunywa, akampa kwa mikono miwili kama anavyompa mgeni yeyote, akarudi kwenye ungo wake.

Aliendelea kuja kila Jumapili mpaka nikaondoka Desemba. Jua likizama anarudi kwa dada yake. Hajaambiwa aingie ndani, na hajaomba tena. Wiki jana nimepiga simu, mama akaniambia baba kaleta mbao mbili za mninga, kaziegemeza ukutani, hajasema za nini. "Na wewe hujamuuliza?" nikasema. Akanijibu, "Zikauke kwanza."

Vitabu nimeviacha kule kule. Edipode imeshonwa upya kwa uzi wa gunia, na kijana wa bodaboda ndiye msomaji mkuu. Ombi lao ni moja: wanataka Odisea ya Kiswahili mikononi mwao, wasitegemee mtu wa Dar na kamusi yake.

Haya, mpenzi msomaji, zamu yako. Ungekuwa wewe ni mama yangu, ungemkaribisha ndani? Na ungemjaribu kwa lipi, kitanda kikiwa kimeshauzwa? Andika, tutachapisha majibu makali. Kwa leo naishia hapa.